Waya, paipu na breka: namna ya kuvioanisha kabla ukuta haujapigwa plasta

Breka ya soketi inaruka kila jioni, mara tu jiko la umeme na birika vikiwashwa pamoja. Fundi anaitwa. Anang'oa breka ya ampea 20, anapachika ya 32, analipwa, anaenda zake. Kuanzia hapo breka hairuki tena na mwenye nyumba anamsifu. Lakini waya ulio ukutani ni uleule wa milimita 2.5 za mraba, umebanana na nyaya za vyumba vingine katika paipu ileile, na sasa hauna mlinzi. Kila jioni ganda lake linapata joto kuliko lilivyotengenezwa kuvumilia. Linakauka, linapasuka, na siku moja laivu (waya unaoleta umeme) inagusana na nyutro (waya unaourudisha) ndani ya dari ya mbao.

Breka iko pale kwa ajili ya waya. Namba ya breka inatakiwa iamuliwe na uwezo wa waya, na uwezo wa waya unaamuliwa na mahali ulipolazwa. Hili la mwisho ndilo linalosahaulika. Mafundi wengi wamekariri "1.5 taa, 2.5 soketi, 6 jiko" na wanalitumia popote, kana kwamba waya uliopigwa klipu kwenye ukuta wa kivuli ni sawa na waya ule ule uliosokomezwa na wenzake sita chini ya mabati.

Hesabu zilizo hapa ni za umeme wa Uganda, volti 240 kwa fezi moja na 415 kwa fezi tatu, waya wa shaba wenye ganda la PVC la 70°C, kwa viwango vya Kiingereza vya BS 7671 ambavyo mafundi wa huku wengi wamefundishwa. Kanuni yenyewe ni fupi: mkondo wa mzigo usizidi namba ya breka, na namba ya breka isizidi uwezo wa waya pale ulipo. Kama hesabu yako inavunja sehemu yoyote ya sentensi hiyo, rudi nyuma.

Hatua ya 1: Jua mzigo

Kwa vyombo vinavyotoa joto, gawa wati kwa 240. Birika la wati 2,000 linavuta ampea 8.3. Tangi la kuchemshia maji la kilowati 3 ni ampea 12.5. Bomba la mvua la kuchemsha papo hapo, lile la kilowati 5.5, ni ampea 23. Jiko la kilowati 7 lenye vichwa vinne na oveni ni ampea 29 likiwashwa lote.

Mota usizikisie. Soma kibati chake, utakuta ampea zimeandikwa. Mota ya fezi tatu ya kilowati 15 ya kinu cha mahindi huvuta takriban ampea 27 ikiwa na mzigo kamili, na wakati wa kuanza moja kwa moja huruka hadi mara sita au zaidi ya hapo.

Laini ya soketi, yaani nyaya zinazotoka breka moja kwenda kwenye soketi zake, haina mzigo mmoja unaojulikana, kwa hiyo hapo unaanza na breka unayokusudia (16 au 20) na kuhakikisha waya unaimudu. Jikoni tenga laini yake peke yake. Familia nyingi sasa zinapikia umeme, na laini iliyochorwa enzi za redio na pasi haitoshi.

Hatua ya 2: Chagua breka

Namba za kawaida ni 6, 10, 16, 20, 25, 32, 40, 50 na 63. Chukua ya kwanza iliyo sawa na mzigo au juu yake. Kwa ampea 23 ni 25. Kwa 29 ni 32.

Kisha tazama herufi iliyo mbele ya namba. B inaruka papo hapo mkondo ukifika mara 3 hadi 5 ya namba yake, C mara 5 hadi 10, D mara 10 hadi 20. Nyumba ya kawaida inatosheka na B. Mota ndogo na pampu zinahitaji C, na mota nzito na mashine za kuchomelea D. Herufi haibadilishi ampea za kila siku: B20 na C20 zinabeba sawa, tofauti iko kwenye mshtuko wa kuanza na kwenye shoti.

Kuna jambo ambalo watu hulikosea hapa. Breka ya 20 haikati ikifika 20. Inaweza kubeba ampea 22 kutwa nzima bila kuruka, na ni mpaka ifike 29 ndipo inalazimika kukata, tena ndani ya saa moja, si papo hapo. Pale katikati, kwenye 24 au 25, inaweza kukaa muda mrefu sana. Waya nao unapaswa kuvumilia muda huo wote. Kwa hiyo usiseme "breka itakata kabla waya haujaungua" kama waya tayari ni mdogo kuliko breka.

Hatua ya 3: Waya umelazwa wapi?

Jedwali hili ni la kuanzia tu. Linachukulia hewa ya 30°C, na laini moja peke yake ndani ya paipu. "Paipu" ni paipu iliyopigwa juu ya ukuta au iliyofukiwa ndani ya tofali na plasta. "Waya bapa" ni ule wenye laivu, nyutro na eathi ndani ya ganda moja, uliopigwa klipu ukutani.

| Waya (mm²) | Paipu, fezi moja (A) | Waya bapa kwa klipu (A) | Paipu, fezi tatu (A) | Volti zinazopotea, fezi moja (milivolti kwa ampea kwa mita) |
|---|---|---|---|---|
| 1.5 | 17.5 | 20 | 15.5 | 29 |
| 2.5 | 24 | 27 | 21 | 18 |
| 4 | 32 | 37 | 28 | 11 |
| 6 | 41 | 47 | 36 | 7.3 |
| 10 | 57 | 64 | 50 | 4.4 |
| 16 | 76 | 85 | 68 | 2.8 |

Angalia mstari wa 2.5. Kwa klipu ni 27, ndani ya paipu ni 24. Ukiuzungushia sufi ya kuzuia joto, mfano kwenye chumba cha baridi au dari ya hoteli, 2.5 bapa inashuka hadi 13.5. Shaba ni ileile. Kilichobadilika ni njia ya joto kutoka.

Kama njia inapita sehemu tatu tofauti, mfano ukutani, darini, kisha ndani ya sufi, unachukua sehemu mbaya kuliko zote. Waya hauungui kwa wastani, unaungua pale palipo na joto zaidi.

Nyumba za zamani zenye fyuzi za kauri, zile za kufunga waya mwembamba kwa bisibisi, zina hesabu yake: zidisha uwezo wa waya kwa 0.725 kabla ya kulinganisha, kwa sababu fyuzi hizo huchelewa kukata kuliko breka.

Hatua ya 4: Punguza kwa joto na kwa msongamano

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, na hapa ndipo nyumba nyingi zinaharibiwa.

Joto kwanza. Zidisha uwezo wa jedwali kwa 0.94 kama hewa ni 35°C, 0.87 kwa 40°C, 0.79 kwa 45°C, 0.71 kwa 50°C, na 0.61 kwa 55°C. Ndani ya chumba cha tofali Kampala au Fort Portal, 30 ni makadirio ya haki. Lakini nafasi iliyo kati ya dari na mabati ni dunia nyingine. Saa nane mchana wa jua kadiria 45, na kwa Arua, Gulu au Moroto usiogope kuandika 50. Mtu atasema jiko huwashwa jioni, mabati yameshapoa. Ni kweli kwa nyumba ya familia. Saluni yenye vikausha nywele vitatu, au mkahawa unaopika chakula cha mchana, unavuta mkondo wake wote saa hizohizo za jua kali.

Halafu msongamano. Laini mbili katika paipu moja: 0.80. Tatu: 0.70. Nne: 0.65. Tano: 0.60. Sita: 0.57. Hesabu laini, siyo nyaya. Laivu na nyutro yake ni laini moja. Laini ambayo haitapita asilimia 30 ya uwezo wake baada ya kupunguzwa, kama ya taa za LED, unaweza kuiacha nje ya hesabu.

Sasa tuchukue nyumba ya kawaida. Laini tatu za soketi za 2.5 zinapanda kutoka ubao wa breka katika paipu moja, zinakatiza chini ya mabati, kisha zinashuka vyumbani. Kila moja ina breka ya 20.

24 × 0.79 × 0.70 = 13.3

Ampea kumi na tatu. Breka ni 20 na waya unamudu 13. Laini zote tatu zikifanya kazi pamoja, ganda linapita 70°C na breka haina habari. Kanuni ya zamani ya mafundi ni kwamba kila nyuzi 10 juu ya kiwango hukata umri wa ganda karibu nusu, na ndiyo maana nyumba ya namna hii haiungui mwaka wa kwanza. Inaungua mwaka wa nane, na lawama anapewa panya.

Kuna njia tatu za kurekebisha:

1. Kila laini ipewe paipu yake, na paipu ziachane. 24 × 0.79 = 18.96, kwa hiyo weka breka ya 16. Paipu za plastiki ni bei nafuu kuliko shaba, na hii ndiyo tunayoipendekeza kwa nyumba mpya.
2. Panda hadi waya wa 4 ndani ya paipu zilizoachana: 32 × 0.79 = 25.3. Breka ya 20 inakaa kwa raha, hata 25. Lakini ukizirudisha tatu katika paipu moja unapata 17.7, yaani breka ya 16 tu.
3. Usipite darini kabisa. Pitisha paipu ukutani, chini ya plasta. Kila laini peke yake, 24 inabaki 24, na breka ya 20 ni halali.

Paipu ya milimita 20 yenye kona mbili isibebe zaidi ya nyaya sita za 2.5. Ukilazimisha, ganda linachubuka kwenye kona na hutaliona mpaka upime.

Neno moja kuhusu soketi za duara, zile ambazo waya wa 2.5 unatoka breka ya 32, unazunguka soketi zote na kurudi kwenye breka ileile. Zinakubalika, kwa sharti kwamba waya ulipolazwa unamudu angalau ampea 20. Chini ya mabati, kama tulivyoona, unamudu 18.96 hata ukiwa peke yake. Tena duara likikatika mahali pamoja, soketi zote zinaendelea kuwaka, na upande mmoja wa 2.5 unabeba 32 bila mtu kujua. Kwa mazingira yetu, laini ya moja kwa moja yenye breka ya 16 au 20 ni salama zaidi.

Hatua ya 5: Umbali

Waya unaweza kuwa mzito wa kutosha kwa joto na bado usifae kwa urefu. Zidisha namba ya safu ya mwisho kwa ampea, kwa mita, kisha gawa kwa 1,000. Taa zisipoteze zaidi ya volti 7.2, vingine visizidi 12, kuanzia mita ya umeme hadi kituo cha mwisho kabisa.

Chukua vyumba vya kupangisha vya safu, vile Waganda wanavyoviita mizigo, vilivyo mita 60 nyuma ya nyumba kubwa, vikivuta ampea 40. Kwa waya wa 10: 4.4 × 40 × 60 ÷ 1,000 = volti 10.6. Umebakiwa na volti 1.4 za kugawana ndani ya vyumba vyote, na taa zilishavuka kikomo chao cha 7.2 kabla hata hujaingia mlangoni. Kwa waya wa 16 zinapotea 6.7. Lipia ya 16, na uizike ikiwa ya aina yenye deraya ya chuma, nusu mita kwenda chini au zaidi, utepe wa onyo juu yake. Deraya hiyo ya nyuzi mbili za 16, ikiwa ardhini, inabeba ampea 78, zidisha kwa 0.95 kwa udongo wa 25°C. Breka ya 50 au 63 inakaa bila shida.

Mota ya kinu

Kilowati 15, ampea 27. Ikianza moja kwa moja huvuta zaidi ya 160. B32 inaweza kuruka kila asubuhi. C32 iko ukingoni. Weka C40, na waya wa 10 ndani ya paipu: 50 × 0.94 = 47, unatosha. Breka hii ya 40 inalinda waya na kukata shoti. Mota yenyewe inalindwa na rilei ya joto kwenye stata (kiwashio cha mota), iliyowekwa kwenye ampea za kibati, hapa 27. Kinu kisicho na rilei kitaunguza mota kwenye ampea 35 huku breka ikiangalia tu.

Eathi: mahali breka peke yake haitoshi

Waya wa eathi uwe sawa na laivu hadi 16. Laivu ikiwa 25 au 35, eathi ya 16 inatosha. Nyutro ya fezi moja iwe sawa na laivu siku zote.

Sasa fikiria nyumba inayotegemea nguzo yake ya eathi iliyopigwa ardhini. Nguzo nzuri inaweza kuwa na ukinzani wa omu 20. Laivu ikigusa mwili wa friji, mkondo unaoenda ardhini hauzidi 240 ÷ 20, yaani ampea 12. Breka ya 20 haitaruka hata ukisubiri mpaka kesho, na friji itakuwa na umeme mwilini muda wote huo. Kiangazi udongo ukikauka, omu zinapanda na hali inakuwa mbaya zaidi. Kwa hiyo breka ya uvujaji ya 30 mA (milliampea), ile inayokata umeme ukivuja kwenda ardhini, kwenye soketi na bafuni ni lazima; nguzo ya omu 200 au pungufu inaifaa. Lakini kumbuka nayo haioni mzigo uliozidi. Moja inalinda mtu, nyingine inalinda waya.

Hakikisha waya ni ule ulioandikwa

Hesabu zote hapo juu ni bure kama "2.5" ya dukani ni nyembamba, au ni alumini iliyopakwa rangi ya shaba. Kwaruza ncha kwa kisu: ikitoka nyeupe ndani, rudisha. Waya wa 2.5 wa kusokotwa una nyaya ndogo saba za milimita 0.67 kila moja. Shaba iliyomo kwenye roli ya mita 90 ina uzito wa kilo 2 hivi, ganda likiwa mbali, kwa hiyo roli nzima ikiwa na kilo 2 jumla, umeibiwa.

Kipimo cha uhakika kinataka betri ya gari ya volti 12, taa ya mbele ya wati 55 na mita ya kawaida. Unganisha mfululizo: chanya ya betri, roli nzima, taa, hasi ya betri. Pima volti kati ya ncha mbili za roli, kisha ampea kwa tundu la 10 A. Tuseme umepata volti 2.7 na ampea 4.0. 2.7 ÷ 4.0 = omu 0.675. Mita 90 za 2.5 halisi hazitakiwi kuzidi omu 0.67 kwenye 20°C, na joto la mchana linaongeza kidogo, hivyo 0.68 au 0.69 si kosa. Ukipata 1.05 au 1.1, mkononi mwako una 1.5 iliyoandikwa 2.5, au alumini. Nyingine ni 1.09 kwa 1.5, 0.41 kwa 4, na 0.28 kwa 6.

Kufunga kwenye ubao

Kila kilicho kabla ya swichi kuu yako, pamoja na mita ya Yaka (ya kulipia kabla), ni eneo la msambazaji, ambaye sehemu kubwa ya nchi ni UEDCL, kampuni ya serikali, tangu Aprili 2025 mkataba wa kampuni ya Umeme ulipoisha. Lakiri usiziguse. Kazi yenyewe ifanywe na fundi mwenye kibali cha ERA, mamlaka ya kudhibiti umeme.

Vua ganda milimita 10 hadi 12, ncha yote iingie na shaba isichungulie nje. Waya mmoja mgumu wa 1.5 au 2.5 ukunje mara mbili ili bisi iukamate. Waya wa nyaya laini uvishe kikofia cha kubana. Usiupake risasi ya kulehemu, kwa sababu hulegea chini ya bisi. Kaza kwa nguvu iliyoandikwa kwenye breka, mara nyingi karibu 2 Nm, halafu vuta kila waya kwa mkono. Bisi iliyolegea inachoma ubao kwa ampea 15 tu na hakuna breka itakayoihisi. Breka nzito zisibanane; 32 mbili zikikaa ubavu kwa ubavu hupashana joto na kuruka mapema. Acha nafasi moja wazi kati yao.

Kabla ya kuwasha, zima swichi kuu, toa taa za LED na vyombo vyote, pima ganda kwa megga ya volti 500 kati ya laivu na nyutro zilizounganishwa na eathi. Chini ya megaomu 1 usiwashe, tafuta palipochubuka; waya mpya kwa kawaida husoma juu sana ya hapo.

Mwisho, ndani ya mlango wa ubao bandika karatasi yenye namba ya kila breka, inakohudumia, ukubwa wa waya, na njia uliyotumia: "Namba 4, soketi jikoni, 4 mm², paipu peke yake, darini, mwisho 20 A." Yule fundi atakayeitwa jioni breka ikiruka ataisoma kabla hajafungua mfuko wake, na ataanza kwa kupunguza mzigo au kuchora laini nyingine, breka ikibaki ilivyo.